Wikendi ya Wastaafu Huanza Jumapili: Kulala Jinja Siku Mbili

Mtu aliyeajiriwa miaka 30 hubaki na saa ya ofisi mwilini hata baada ya kukabidhi funguo. Akisikia neno wikendi, akili yake inakwenda Ijumaa jioni. Ndiyo maana kila Ijumaa kuanzia saa kumi huwakosi wazee kwenye foleni ya Kireka na Bweyogerere, njia ya kutoka Kampala kwenda Jinja, mke na mume, kikapu kimepakatwa, trela mbele, trela nyuma, jua linashuka. Na Jinja iko kilomita 80 tu kutoka Kampala.

Hakuna aliyewalazimisha kuondoka saa hiyo. Kama nyote wawili mmestaafu, ondokeni Jumapili saa nane mchana na mrudi Jumanne asubuhi. Jumapili alasiri wengi wanarudi Kampala, nyinyi mnatoka. Ibada imekwisha, chakula cha mchana mmekula kwenu. Hoteli iliyojaa Ijumaa na Jumamosi sasa ina vyumba, na meneja aliyekuwa hashikiki anasikiliza mkiomba apunguze bei. Muziki wa baa uliokuwa ukitikisa madirisha usiku wa Jumamosi umenyamaza. Na Jumatatu, siku yenu ya katikati, benki, kliniki na maduka ya dawa yote yako wazi. Katika umri huu hilo si jambo dogo.

Sababu nyingine ya kupenda saa nane ni dawa. Wengi wenye presha au ugonjwa wa moyo humeza asubuhi dawa ya kupunguza maji mwilini. Furosemide, kwa mfano, hufanya kazi kwa takriban saa 6. Ukiimeza saa mbili asubuhi, kufikia saa nane mchana mbio za chooni zimetulia. Anayeondoka alfajiri hujikuta katikati ya msitu wa Mabira kibofu kimejaa, hakuna choo mbele wala nyuma, na hapo ndipo anapoapa kwamba siku ya kurudi ataruka kidonge. Akikiruka, jioni miguu inaweza kuvimba, viatu visiingie, na pumzi ikawa fupi. Dozi isirukwe kwa ajili ya safari. Safari ndiyo ipangwe kufuata dozi. Anayetaka kubadilisha saa ya kumeza aongee na daktari wake wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari.

Siku tatu za safari zinahitaji dawa za siku tano. Gari linaweza kuharibika, mvua inaweza kuwaweka, na aina yako ya kidonge inaweza isipatikane kwenye duka la kwanza wala la pili. Zibaki kwenye pakiti zake zenye jina, nusu katika mfuko wa mama, nusu katika mfuko wa mzee, ili begi moja likipotea msibaki mikono mitupu. Kisha andikeni karatasi mbili zinazofanana: jina la kila dawa, kipimo, saa ya kumeza, ugonjwa, namba ya simu ya mtoto mmoja anayepokea simu. Kila mmoja abebe karatasi yenye dawa za wote wawili. Mara nyingi mke ndiye anayejua dawa za mume na mume hajui za mke hata moja. Mke akizidiwa, mume anabaki kumwambia daktari "ni vile vidonge vyeupe".

Kwa wanaochoma insulini: ile mnayoitumia sasa, kwa aina nyingi, huvumilia takriban wiki 4 nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Kinachoiua ni gari lililoegeshwa juani, au barafu inayoigusa moja kwa moja. Chukueni chupa ya chai yenye mdomo mpana, isuuzeni kwa maji baridi, mwageni maji yote, fungeni insulini kwenye kitambaa kikavu, itieni ndani na mfunike. Msitie barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari abebe pia glukosi au soda ya kawaida mahali mkono unapofika, si kwenye buti, kwa sababu mlo ukichelewa saa moja tu barabarani sukari inaweza kushuka.

Pesa zitolewe Jumamosi. Jumapili mawakala wengi wa pesa za simu hawana taslimu ya kutosha, na kila mnapotoa mnalipa ada pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5, kwa hiyo kutoa mara moja kiasi cha kutosha huja nafuu kuliko kudonoadonoa. Namba za siri zote mbili zijulikane na wote wawili. Kila mmoja abebe ndaga muntu yake (kitambulisho cha taifa), maana mapokezi wataiulizia, na kwenye bustani ya chanzo cha Nile bei ya raia si ile ya mgeni.

Wenye gari lao waanze na macho. Kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, hivyo anayeondoka Kampala saa nane anafika Jinja bado kweupe, hata akisimama njiani. Mtoto wa jicho anaweza kuwa hajakomaa kiasi cha kupasuliwa na bado ukitazama taa za trela usiku unaona duara kubwa la mwanga na hakuna barabara. Mwenye macho hayo asiendeshe baada ya magharibi hata kwa kilomita tano. Ndani ya Mabira barabara ni njia mbili, kona nyingi, na mnaigawana na malori ya miwa ya Lugazi pamoja na matrela yanayokwenda mipaka ya Malaba na Busia. Ajali nyingi za kipande hiki huanza na mtu aliyechoka kukaa nyuma ya trela. Kaeni nyuma ya trela. Dakika kumi mtakazopoteza hamna pa kuzipeleka.

Wanaopanda taksi ya abiria 14 wasikae kiti cha mlangoni, kile cha kukunja, kwa kuwa watainuka kila mtu anaposhuka. Magoti hayatavumilia hadi Njeru, mji ulio kabla tu ya Jinja. Safu ya pili, upande wa dirisha, ndiyo ya wazee. Mkiweza, lipieni viti vitatu kwa watu wawili, na mumwambie kondakta mapema, mbele ya abiria wengine, kwamba cha tatu ni cha mzigo. Fedha hiyo ya kiti kimoja ndiyo matumizi bora ya safari nzima. Mkishuka Jinja, waendesha bodaboda watawaita jajja (babu, bibi) kwa upole na kuwahimiza mpande wote wawili kwenye pikipiki moja. Kataeni. Mama akikaa upande, miguu yote kushoto, shimo moja linatosha kumvunja nyonga. Kodini gari hadi hotelini.

Namawojjolo ni baada ya Mukono, na hakuna safari ya Jinja isiyosimama pale, au Najjembe ndani ya Mabira. Mkisimama tu, vijana waliovaa makoti ya kazi wanakimbilia madirisha na mishikaki, kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja (ndizi za kuchoma), maji na soda. Fungueni dirisha la upande mmoja tu, chagueni muuzaji mmoja, na mlipe kwa noti ndogo ili msisubiri chenji gari likiondoka. Kuku mtazameni vizuri. Ngozi ya nje hupata rangi upesi kwa sababu makaa ni makali, lakini ndani ni habari nyingine. Shikeni paja, livuteni litengane kwenye kiungo. Kama linaachia lenyewe na majimaji yanayotoka ni meupe, liwe lenu. Kama linang'ang'ana na kando ya mfupa kuna wekundu, mrudishieni aliweke tena motoni, halalamiki, amezoea. Nyama iliyopoa kwenye kijiti tangu asubuhi iacheni hata kama ni ya bei ndogo, maana tumbo la miaka 65 halisamehe kama la miaka 25. Gonja ndiyo salama kuliko vyote: chagueni yenye mistari ya kahawia, ikibonyezwa inanepa. Ile ngumu yenye weupe ilichomwa kabla haijaiva. Mwenye sukari ale nusu na kipande cha kuku, si gonja peke yake.

Mkitoka msituni mnaingia Njeru na daraja jipya liko mbele yenu, lile la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Kabla ya hapo magari yote, malori kwa baiskeli, yalivuka juu ya bwawa la Nalubaale lililofunguliwa 1954, ambalo wengi wenu mlilijua kwa jina la Owen Falls. Msisimame darajani na msipige picha. Walinzi wapo, na simu inaweza kuchukuliwa. Mto mtautazama kesho kwa nafasi.

Chumba kiulizwe kwa simu kabla, na maswali yawe ya wazi, maana ukiuliza "pazuri?" utaambiwa pazuri. Chumba kiko chini au ghorofani, na kama ni ghorofani kuna lifti? Bafu ni la kusimama sakafuni au ni la beseni ambalo mtu lazima anyanyue mguu kuingia? Neti ipo, na inafika chini? Mji huu umekaa kati ya ziwa Victoria na mto Nile, mbu hawakosekani. Umeme ukikatika jenereta inawashwa usiku kucha au inazimwa saa tano? Baa iko upande gani? Beseni ndilo la kukataa kabisa: ukingo wake unafika goti, sakafu ina sabuni, hakuna cha kushika.

Usiku wa kwanza katika chumba kigeni ndio wa hatari. Mwili unaamka saa tisa usiku kwenda msalani kwa njia ya nyumbani kwenu, kumbe hapa mlango uko upande mwingine. Kabla ya kulala, tembeeni kutoka kitandani hadi chooni taa ikiwa imewaka, mkihesabu hatua, mkiangalia kizingiti kiko wapi na mkeka uko wapi. Mkeka ukunjeni muuweke kabatini. Kisha zimeni taa, mrudie kwa tochi ndogo. Tochi ilale chini ya mto, kandambili za mpira ziwe pale miguu inaposhukia. Shughuli hii ni ya dakika tano, na hakuna mzee ambaye haimhusu.

Jumatatu ni ya mto, na mto ni wa asubuhi. Kufikia saa tatu muwe mmekula, mmemeza dawa, mko kwenye Bustani za Chanzo cha Nile upande wa Jinja. Alasiri upepo wa ziwani huamka na mashua huanza kurukaruka. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, radi nyingi huja baada ya mchana. Mashua ni za mbao zenye injini nyuma. Patana bei ya mashua nzima, si ya kichwa, na mtaje muda kabisa: nusu saa au saa nzima, na ni wapi mtafika. Kutokupatana kabla ndiko kunakozaa ugomvi ufukweni.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe nchi kavu. Fungeni vifungo vyote, kisha mmoja asimame nyuma ya mwenzake, ashike mabega ya jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa au limelegea. Majini litapanda hivyohivyo na kumfunika uso. Kazeni mikanda au ombeni jingine, na wasiwaambie kwamba safari ni fupi.

Kupanda kuna utaratibu wake. Mwenye magoti mazuri atangulie. Fimbo na mkoba apewe nahodha kwanza, mikono ibaki mitupu. Mtu asiruke, akae ukingoni mwa gati kama gati liko chini vya kutosha, aweke mguu mmoja katikati ya mashua, kamwe si kwenye ubavu, auhamishie uzito polepole huku mkono mmoja ukiwa kwenye bega la nahodha, ndipo alete mguu wa pili na kukaa papo hapo. Wa pili asianze kabla wa kwanza hajakaa. Mashua ikipinduka gatini, mara nyingi ni kwa sababu wawili wamesimama kwa wakati mmoja, mmoja akimsaidia mwingine kwa mapenzi. Viatu viwe vya soli ya mpira. Maji msiyachezee kwa mikono wala miguu: ziwa hili lina kichocho.

Mkiwa majini, jueni mnachokitazama. Tarehe 28 Julai 1862 John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alisimama hapa na kuona maporomoko ambayo aliyaita Ripon. Wenyeji walikuwa na jina lao kwa miamba ile, na jina la Jinja lenyewe linatokana na mawe. Maporomoko hayo hayapo tena. Bwawa la 1954 liliinua maji yakayafunika. Kwa hiyo anayekuja akitarajia ngurumo atasikitika bila sababu. Kilichobaki ni kitu cha utulivu ambacho macho ya haraka hayakioni: ziwa linakuja pana na bapa, halafu mahali fulani karibu na kisiwa kidogo uso wa maji unaanza kuwa na misuli. Unafurukuta, unajikunja, magugu yaliyokuwa yamelala yanaelekea upande mmoja. Mwombeni nahodha azime injini hapo, nao mwendo huo mtauhisi kwenye mbao chini ya miguu. Maji haya yana zaidi ya kilomita 6,000 hadi Misri. Ukingo wa magharibi, upande wa Njeru, kuna mnara wa kumbukumbu ya Speke. Furukombe hukaa kwenye miti mirefu, mnandi hukausha mabawa juu ya matawi makavu, na mdiria mweupe kwa mweusi huning'inia hewani papo hapo kabla ya kujitupa. Darubini ndogo ina faida hapa kuliko simu.

Bustanini kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa 1997, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa 1948. Viti vya kivulini vipo. Kaeni.

Mtu akiwaambia muongeze pesa kidogo awapeleke kuona maporomoko ya Bujagali, jueni kwamba yalizama bwawa la Bujagali lilipojengwa, na mtambo wake ulikamilika 2012. Kuna ziwa tulivu zuri, si maporomoko. Maji ya kunguruma yako Itanda, kiasi cha kilomita 30 kaskazini, lakini njia ni ya murram (changarawe): mvua ikiwa imenyesha iacheni, na mwenye mgongo mbovu aiache hata wakati wa kiangazi.

Baada ya chakula cha mchana lala. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kinachokatwa kwenye ratiba, na ndicho kinachoharibu jioni kikikatwa. Saa kumi jua limepungua ukali, mitaa ya Jinja ni mipana na karibu tambarare, imepangwa kwa mistari, na miti ya zamani bado iko sehemu nyingi. Barabara Kuu ina majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi. Kwenye paji la baadhi yake mwaka wa kujengwa umeandikwa kwa saruji. Mkitembea mkisoma miaka hiyo, mtajikuta mkizungumza juu ya 1972, wenye nyumba walipofukuzwa, na juu ya nani alisoma na nani, nani alihamia wapi. Mji huu uliyeyusha shaba ya mgodi wa Kilembe na kufuma vitambaa katika kiwanda cha Nytil. Ulivuta vibarua wa kila kabila, na ndiyo sababu hadi leo mkisalimia kwa Kiswahili sokoni au mtaa wa Walukuba mnajibiwa kwa Kiswahili bila mtu kushtuka. Mwendo uwe nusu saa, mkisimama mara mbili. Anayeumwa na ndama za miguu akitembea, na maumivu yakaisha akisimama, amweleze daktari akirudi; huenda ni mishipa ya damu, si uzee.

Wawili hawachoki pamoja. Mmoja atataka kuendelea, mwingine anataka kiti. Katika kazi za maisha yote mlikuwa mkiachana asubuhi na kukutana jioni, na sasa ghafla mko pamoja saa zote 24. Gaweni mchana wa Jumatatu: saa mbili kila mmoja afanye analopenda, simu zikiwa na chaji, mahali na saa ya kukutana vimetajwa. Mama akienda sokoni na mzee akabaki na gazeti, hakuna aliyemwacha mwenzake. Mtakapokutana mtakuwa na la kusimuliana.

Kama kuna linalohitaji daktari, Hospitali ya Rufaa ya Jinja iko mjini humohumo. Muulizeni mtu wa mapokezi njia siku ya kufika, mkiwa wazima.

Jumanne amkeni mapema mwende Masese, kwenye mwalo, mkanunue samaki wakati mashua zinarudi. Ngege (sato) mzuri ana jicho lililojaa na kung'aa, matamvua mekundu, na ukimbonyeza ubavuni nyama inarudi. Jicho lililozama na matamvua ya kahawia ni samaki wa jana. Mbebe futi ya kushonea: ngege wa chini ya inchi 11 na mputa (sangara) wa chini ya inchi 20 hawaruhusiwi kisheria, na anayekamatwa nao njiani haambiwi kwamba amezeeka. Mwambieni muuzaji atoe matumbo na matamvua hapohapo, kwa maana ndivyo vinavyooza kwanza, na aache magamba, kwa kuwa yanalinda nyama. Msimsuuze kwa maji ya ziwa. Ndoo yenye mfuniko, barafu chini, samaki, barafu juu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ndoo ikae miguuni penye kivuli, si kwenye buti. Mkiondoka saa tatu na nusu, foleni ya asubuhi ya Mukono imeshayeyuka, na kufikia saa sita samaki yuko jikoni kwenu, barafu haijaisha.